Uliza Dada wa Mtandao: Mwizi wa muvi afuatwe, simu ya mtazamaji iachwe

Mwezi huu barua ni nyingi na karibu zote zimegusa sehemu moja, muvi na mechi na miziki ya bure mtandaoni, nani anaiba, nani anaibiwa, na nani anamchungulia mwenzake kwa kisingizio cha kumtafuta mwizi. Nimechagua tano. Majina na namba za simu nimezitoa zote kwa sababu kuna waliotuandikia mpaka namba ya NIDA, jamani msifanye hivyo, mimi siihitaji na mhariri haihitaji.

APU YA KUMPEKUA MTEJA

Binti yangu, mimi ni mzalishaji wa filamu hapa Kinondoni, niko kwenye kazi hii tangu enzi za kanda za VHS. Mwaka huu tumetoa tamthilia kwenye apu yetu wenyewe, mtu analipia kwa simu anaangalia. Sehemu ya kwanza tumeiweka Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi iko Telegram kwenye chaneli yenye watu maelfu, na chini yake wameandika "asante admin". Sasa kuna vijana wa IT wamenifuata, wanasema watatutengenezea apu mpya ambayo ikiingia kwenye simu ya mteja inasoma ana apu gani nyingine, ana mafaili gani, na majina yote aliyosevu, ili tujue nani anavujisha. Mwenzangu kwenye kampuni naye anataka tuingie kwenye hiyo chaneli, namba za watu zinazoonekana tuzibandike Instagram waaibike. Mimi roho inasita. Nishauri.
Mzee wa Kinondoni

Shikamoo baba, na pole sana. Hiyo roho inayosita isikilize, hao vijana wanakupeleka pabaya.

Nikuambie yaliyowakuta La Liga, hawa hawa wa Hispania tunaowaangalia kila wikendi. Walikuwa na apu yao ya kawaida ya ratiba na matokeo, watu mamilioni wanayo. Mwaka 2018 ikajulikana kwamba ile apu ikishapewa ruhusa inawasha maiki ya simu wakati wa mechi, inasikiliza sauti ya pale ulipo, inaangalia na GPS uko wapi, ili wajue baa gani inaonyesha mechi bila kulipia. Yaani shabiki kaenda kunywa soda yake, simu ya mfukoni inamchoma mwenye baa. Mwaka 2019 mamlaka ya ulinzi wa data ya Hispania ikawapiga faini ya euro 250,000. La Liga walijitetea kwamba hawasikilizi maongezi ya mtu, mashine inalinganisha alama za sauti tu, na mimi sina ugomvi na maelezo hayo, lakini mtu aliyeweka apu ili ajue Barcelona kashinda ngapi hakuelewa kwamba kageuzwa mpelelezi. Hebu lilete hilo kwenye banda umiza la Mbagala, watu wamebanana kwenye mabenchi, kila mmoja simu yake inaripoti alipo. Wakijua, nani atabaki na hiyo apu?

Kuna na Sony BMG, mwaka 2005. Waliweka kwenye CD za muziki softwea ya kuzuia kukopi, ukiitumbukiza CD kwenye kompyuta ile softwea inajisokomeza ndani ya Windows na kujificha usiione kabisa. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Mark Russinovich, akaikuta kwenye kompyuta yake mwenyewe akaandika hadharani, na haikuchukua muda watengeneza virusi wakaanza kujificha humo humo. CD zikarudishwa kutoka madukani, kesi zikafuata. Sasa baba angalia aliyeumia hapo ni nani. Ni yule aliyenunua CD halali kwa hela yake! Aliyedanlodi nyimbo zile zile bure hakukutana na ile softwea. Na apu ya vijana wako itafanya hivyo hivyo, itampekua mteja anayekulipa, na yule wa Telegram ambaye hana apu yako wala hana mpango nayo haitamgusa.

Halafu kuna sheria. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume yake. Ukikusanya taarifa za mtu unatakiwa umwambie unazikusanya kwa ajili gani, uchukue zile unazohitaji kwa kazi hiyo tu, na usizigawe hovyo. Majina aliyosevu mteja hayahusiani kabisa na kuangalia tamthilia, na wale waliosevewa hawajawahi hata kusikia jina la kampuni yako. Katiba yenyewe ibara ya 16 inazungumzia faragha ya mtu na mawasiliano yake. Utaingia mahakamani kama mtu aliyeibiwa, utoke kama mshitakiwa.

Kuhusu kubandika namba Instagram, mwambie mwenzako aache kabisa. Uingereza kulikuwa na kampuni ya mawakili inaitwa ACS:Law, wao kazi yao ilikuwa kutuma barua kwa maelfu ya watu wakiwadai pauni mia kadhaa kila mmoja, kwamba laini yako ya intaneti imeonekana ikisambaza filamu. Septemba 2010 saiti yao ikashambuliwa, ilipokuwa inarudishwa barua pepe zao zikamwagika mtandaoni, na ndani kulikuwa na orodha za majina na anwani za maelfu ya watu pamoja na jina la filamu anayotuhumiwa nayo kila mmoja, nyingi za ngono. Wengi walikuwa wanakana, na intaneti ya nyumbani unajua inatumiwa na baba, mama, mpangaji na jirani aliyepewa paswedi. Ukishamwaga jina la mtu hulizoi tena. Kwenye hiyo chaneli ya Telegram kuna watoto wa shule humo, kuna mtu aliunganishwa na shemeji yake wala hajawahi kuifungua.

Na hata kuwashitaki watazamaji mmoja mmoja kumeshajaribiwa na wenye hela kuliko sisi. Chama cha kampuni za muziki Marekani, RIAA, kilianza Septemba 2003 kushitaki watu wa kawaida, kesi 261 za kwanza, mmoja alikuwa mtoto wa miaka 12 wa New York na mama yake akalipa dola 2,000 yaishe. Wakaendelea mpaka mwisho wa 2008, wakawa wamewafuata watu zaidi ya 30,000, kisha wakaacha wenyewe. Uharamia haukuisha. Walichovuna ni kuchukiwa na watu wale wale ambao walitakiwa wawauzie nyimbo.

Sasa cha kufanya. Anza na ile kopi iliyovuja, keti nayo uiangalie taratibu kwenye skrini kubwa. Kama juu kuna kamstari ka betri na saa, au kuna sehemu meseji imeshuka ikapita, au picha inakwama kidogo pale bando lilipoyumba, basi mtu karekodi skrini ya simu, ni mteja. Kama picha ni safi mno kuliko hata unayoiweka kwenye apu, au haina logo yenu, au ina namba za muda za editing pembeni, basi tatizo liko chumba cha kuhariri, kuna mtu aliondoka na faili kwenye hard disk, na hiyo apu ya kupekua wateja isingekusaidia kitu. Nimeona wazalishaji wanawalaani mashabiki mwaka mzima wakati faili linatoka kwa kijana wao wa ofisini.

Kama ni mteja, kuna njia ya kumjua bila kugusa simu yake. Kila akaunti ikifungua video, seva yako inaweka alama ndogo kwenye picha ambayo jicho haliioni, na alama hiyo ni tofauti kwa kila akaunti. Kopi ikivuja unaisoma alama, unajua ni akaunti namba fulani, unaifunga hiyo moja. Waambie wateja wazi kwenye masharti, kwa Kiswahili cha kueleweka, kwamba video zina alama. Hapo umelinda kazi yako na hujaingia chumbani kwa mtu.

Mwenye chaneli naye mfuate kwa njia zake. Sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kama bado, andika malalamiko ya hakimiliki Telegram, wanapokea kwa chaneli za wazi, ukiandika weka linki ya kila posti na uthibitisho kwamba kazi ni yako. Atafungua nyingine, ndiyo, lakini kila akihama anapoteza watu njiani. Na angalia hela inapita wapi, hao maadmini wengi wana gropu la VIP la kulipia, wanaweka namba ya kutuma pesa waziwazi. Namba hiyo piga skrinishoti upeleke polisi pamoja na cheti chako cha COSOTA, wao ndio wenye njia ya kisheria ya kuuliza mtandao wa simu ni ya nani. Usitafute rafiki anayefanya kazi kwenye mtandao wa simu akuchungulizie jina, hilo nalo ni kosa na litaharibu kesi yako.

Sasa baba niruhusu niseme lililo kubwa zaidi. Wale walioandika "asante admin" saa moja asubuhi ya Jumamosi ni watu wanaoitaka tamthilia yako kiasi cha kuamka nayo. Swali ni kwa nini wameichukua kule. Nimeingia kwenye hizo chaneli kuangalia, faili ni dogo, mtu anadanlodi mara moja kwa bando la usiku, anaangalia mara tatu, anamrushia mdogo wake kwa Xender bila bando kabisa. Kwenye apu nyingi za kwetu ni kustrimu tu, picha nzito, ukikata ukirudi inaanza upya, na malipo ni ya mwezi mzima wakati mtu anapata hela yake kwa siku. Gabe Newell wa kampuni ya magemu ya Valve alishasema 2011 kwamba uharamia karibu mara zote ni tatizo la huduma kuliko bei, na mimi kwa hapa kwetu ningeongeza ni tatizo la bei ya mara moja, mtu ana mia tano leo, elfu tano ya mwezi hana. Weka malipo ya sehemu moja moja. Weka ya siku. Ruhusu kudanlodi ndani ya apu faili la megabaiti chache. Sehemu ya kwanza itoe bure kabisa YouTube tena iwe safi, ili anayetafuta jina la tamthilia yako aikute kwako kwanza.

Hayo sio maneno matupu. iTunes ilifunguliwa Aprili 2003, wimbo senti 99, na wiki ya kwanza tu zikauzwa nyimbo milioni moja, kipindi ambacho wote tuliambiwa hakuna mtu atalipia tena muziki. Spotify imezaliwa Sweden, nchi ile ile ya The Pirate Bay, saiti maarufu ya kudanlodi vya wizi, ikaanza 2008 kwa kumpa mtu kitu rahisi kuliko kuiba. Netflix Kenya mwaka 2021 walitoa mpango wa bure kwenye simu za Android, bila kadi ya benki, wakauondoa 2023, na ingawa haukudumu uliwafungulia mlango watu ambao wasingejisajili kamwe. Wewe huna hela ya Netflix, ila una kitu hawana, watu wa hapa wanaipenda kazi yako na M-Pesa iko mkononi mwao.

BOX LA CHANELI ZOTE

Dada sasa, mimi niko Umoja, Nairobi. Nilinunua TV box Luthuli, yule jamaa akaniambia nalipa mara moja halafu naona kila kitu, EPL, muvi, chaneli za nje. Na kweli inaonyesha. Lakini tangu niiweke waifai imekuwa pole sana hata usiku TV ikiwa imezimwa, na juzi kuna tovuti imenikatalia kuingia ati anwani yangu imeonekana ikifanya mambo ya shaka. Ni box ama ni watu wa intaneti?
Wa Umoja

Poa kaka. Chomoa box kwanza, ndio uendelee kusoma.

Ukiizima TV kwa rimoti, box lenyewe linabaki linafanya kazi. Septemba 2024 watafiti wa Doctor Web walitangaza kirusi walichokiita Vo1d, walikikuta kwenye mabox ya Android kama 1,300,000 duniani, na Juni 2025 FBI ya Marekani ikatoa onyo kuhusu kingine, BADBOX 2.0, ambacho mara nyingi kinakuja kimeshawekwa ndani ya box kabla hujalitoa kwenye karatasi. Kazi moja kubwa ya virusi vya hivi ni kuikodisha intaneti yako. Mtu asiyekujua, yuko mbali huko, anafanya utapeli wake kupitia waifai ya nyumbani kwako, na kwa nje inaonekana ni wewe wa Umoja. Ndio maana ile tovuti imekukatalia.

Kurudisha box kwenye mipangilio ya kiwandani mara nyingi hakusaidii, kirusi kimekaa ndani ya mfumo wenyewe. Kwa hiyo usilirudishe kwenye waifai. Badilisha paswedi ya ruta, na kama uliingiza akaunti yako ya Google kwenye hilo box, itoe kwa kutumia simu na ubadilishe paswedi yake pia. Ukinunua lingine angalia kwenye Play Store ya box kama limeandikwa limethibitishwa na Play Protect, ulinzi wa Google, kama halina Play Store kabisa liache dukani. Na kuanzia leo usiandike namba ya M-Pesa wala kadi kwenye kitu ambacho hujui kimetengenezwa na nani.

Ila nisiwe kama mtu anayesema cha halali hakina shida. Vizio, kampuni halali kabisa ya TV Marekani, mwaka 2017 ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kwa sababu TV zake kama milioni 11 zilikuwa zinarekodi sekunde kwa sekunde mtu anaangalia nini na kuuza taarifa hizo, bila ridhaa yake. Mtu aliyelipa na mtu aliyeiba wote wanachunguliwa, sasa utamshawishi vipi wa pili ahamie kwa wa kwanza? Kampuni za TV na apu zikitaka tuache mabox ya Luthuli ziwe na kitu safi cha kutupa. TV yako janja ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya faragha au taarifa za utazamaji, zima.

BARUA YA MAWAKILI LEIPZIG

Dada habari za kazi. Niko Leipzig nasoma shahada ya pili, tunakaa watatu kwenye fleti moja na mkataba wa intaneti una jina langu. Wiki iliyopita imekuja barua ya mawakili kwa posta, wanasema tarehe fulani saa fulani kutoka kwenye laini yangu kuna muvi imesambazwa, wanataka karibu euro 900 na nisaini karatasi. Mimi natumia torenti kama nilivyokuwa natumia Dar, sijasambaza kitu, nimeangalia tu. Usingizi hauji.
Mwanafunzi

Mdogo wangu pole, na tulia, hili watu wengi sana Ujerumani wamelipitia na wameendelea na masomo yao.

Torenti inavyofanya kazi, kila kipande unachopokea unakigawa kwa wengine muda huo huo, hata usipobonyeza kitu. Kwa hiyo machoni pa sheria umesambaza. Na anwani yako ya IP, yaani namba ya laini yako ya intaneti, inaonekana na kila aliye kwenye lile faili, wakiwemo watu waliolipwa kukaa humo kuandika namba. Wakishaipata, Ujerumani wanatakiwa wapite kwa jaji kwanza ndipo kampuni ya intaneti itoe jina, na hilo la jaji mimi nalipenda, natamani kila nchi iwe nalo. Biashara ya kutuma barua kwa mafungu siipendi, lakini usiitupe, ukikaa kimya wanaweza kwenda mahakamani na gharama zinaongezeka.

Usisaini ile karatasi kama ilivyo. Ni ahadi kwamba hutarudia, inakufunga miaka na miaka na mara nyingi imeandikwa kwa faida yao. Watu wanasaini iliyorekebishwa, na hiyo usiitunge mwenyewe. Nenda Verbraucherzentrale, wale wa kutetea watumiaji, au ulizia ushauri wa sheria kwa wanafunzi chuoni kwako, nenda kabla tarehe waliyokupa haijapita, na chukua barua pamoja na bahasha yake. Kwa mtu binafsi kwa kosa la kwanza sheria imeweka kikomo kwenye ada ya wakili tangu 2013, kwa hiyo hicho kiasi kinaweza kujadiliwa. Mwambie mshauri ukweli wote, pamoja na kwamba mnakaa watatu. Usiwapigie hao mawakili kujieleza, utasema neno litakalokuumiza. Na hiyo programu ya torenti itoe leo kwenye laptopu.

KIBANDA CHA MWANZA

Dada mambo, mi nina kibanda Buhongwa, naweka nyimbo na muvi kwenye flashi na memori kadi, nachaji simu na kufulash. Watu wanasema ni kosa. Mi sina kazi nyingine, nifanyaje?
Fundi

Poa mdogo wangu. Ndiyo ni kosa, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inataka ruhusa ya mwenye kazi, na wewe unauza kopi. Sitakudanganya kwamba ni sawa kwa sababu maisha ni magumu, na yule msanii naye anadaiwa kodi ya nyumba.

Lakini nina la kuwaambia kampuni za muziki na za filamu kupitia barua yako. Huyu kijana ndiye duka lenu. Anajua mama ntilie anataka taarabu gani, anajua dereva wa bodaboda anataka mixi ya dakika ngapi. Kampuni za simu hazikumfukuza muuza vocha mtaani, zilimpa kamisheni mpaka akawa wakala, na leo kila kona kuna meza ya wakala. Nyie mnamletea askari. Mpeni akaunti ya wakala, ajaze nyimbo halali kwenye memori kadi ya mteja, kila wimbo mia moja au hamsini, yeye abaki na chake na msanii aone hesabu jioni. Sijaona hata kampuni moja kubwa imelikazania hili na sielewi wanasubiri nini.

Wewe kwa sasa, anza na wasanii wa hapo hapo Mwanza, wengi wanatafuta watu wa kuwasikiliza, ongea nao wakupe ruhusa ya maandishi. Wafundishe wateja kuweka apu zenye nyimbo za bure halali, Boomplay na Mdundo, chukua hela ya ufundi.

Na kuna lingine hukuuliza. Mteja anakuachia memori kadi, ndani kuna picha za watoto wake, kuna picha za mkewe, kuna skrinishoti za miamala. Najua mafundi wana tabia ya kukopi kadi yote kwenye kompyuta kwanza "isije ikaharibika", na kopi inabaki humo miaka. Hiyo acha. Kopi folda ya muziki tu, mteja akiwa anaona, na kama ulilazimika kuhamisha vyote basi vifute mbele yake. Picha za watu zilizovuja kwenye magropu, nyingi zimeanzia kwenye kibanda kama chako.

NIWEKE VPN?

Assalaam aleikum dada. Mimi wa Tanga, napenda muvi za kutafsiriwa na DJ, nadanlodi Telegram na kwenye saiti. Rafiki zangu wanasema weka VPN ya bure hutaonekana. Kweli?
Mpenzi wa muvi

Waaleikum salaam. Sio kweli. VPN ni apu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mtu mwingine, inahamisha tu anayekuona, badala ya mtandao wako wa simu sasa anakuona mwenye VPN, na wa bure lazima ale mahali. Hola, VPN moja ya bure, iligundulika 2015 kwamba inauza laini za watumiaji wake kwa watu wengine, na Onavo, VPN ya Facebook, ilikuwa inawaambia watu inawalinda huku ikiripoti wanatumia apu gani, mpaka ikatolewa App Store 2018. Hapa Tanzania tena, TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, walitangaza Oktoba 2023 kwamba anayetumia VPN aitolee taarifa. Telegram nao Septemba 2024 walibadilisha masharti, wakipata ombi halali la kisheria wanaweza kutoa namba ya simu na IP. Na zile saiti za muvi, ile batani kubwa ya kijani ya kudanlodi nyingi inakuletea apu ya matangazo wala sio muvi, faili la muvi haliishii na herufi apk hata siku moja, hizo ni za apu.

Lakini hao maDJ mimi nawatetea. Tangu enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, kwenye mabanda, wamewafanya watu wasiojua Kiingereza wala Kichina wafuate stori mwanzo mwisho, wacheke panapochekesha, na hakuna chaneli ya kulipia iliyofanya kazi hiyo kwa watu wa chini kama wao. Filamu wanazotumia bila ruhusa zina wenyewe, hilo halina ubishi. Kampuni zinazonunua haki za filamu za nje na kuzileta huku zikiwa na maandishi madogo ya Kiingereza chini ya skrini ziwaite hawa watu, ziwape mkataba na studio, jina la DJ liandikwe kwenye bango, na muvi iuzwe kwenye simu siku ile ile inayotoka. Wewe wa Tanga ungelipa mia tano kwa hilo, na nina hakika na wenzako wa kwenye chaneli wangelipa.